Simulesheni ya kiwanda na huduma: anza na foleni moja, 3D baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini modeli yako ya foleni inatoa jibu tofauti kila ukiiendesha, na kama uanze na Arena au SimPy, programu za simulesheni (kuiga kazi halisi kwenye kompyuta). Programu iache kwanza. Majibu kutofautiana si kasoro. Kasoro ni kuchukua jibu moja na kulipeleka kwa bosi.

Fungua Excel. Wateja wanafika kila dakika 6 kwa wastani, mhudumu ni mmoja, huduma ni dakika 5 kwa wastani. Mstari wa 1 ni vichwa vya safu. Mstari wa 2 andika hivi:

A2, muda tangu mteja aliyetangulia: =-6*LN(1-RAND())
B2, muda wa huduma: =-5*LN(1-RAND())
C2, wakati wa kufika: =SUM(C1,A2)
D2, kuanza kuhudumiwa: =MAX(C2,E1)
E2, kumaliza: =D2+B2
F2, kusubiri: =D2-C2

Kwenye C2 usitumie alama ya kujumlisha badala ya SUM. C1 ni maneno, utaletewa #VALUE!. Buruta hadi wateja 1,000, kisha tafuta wastani wa F.

Nadharia ya foleni inasema ni dakika 25. Ukibonyeza F9 (RAND() inachagua namba nasibu mpya) si ajabu upate 15, kisha 38. Sasa weka B iwe 5 kamili kwa kila mteja: kusubiri kunashuka hadi kama 12.5. Weka na A iwe 6 kamili: foleni yote inatoweka. Wastani wa kufika na wa huduma haukuguswa popote, kilichopungua ni kuyumba tu. Kwa hiyo ukienda kukusanya data, leta vipimo vya kila tukio. Anayekupa wastani peke yake hajakupa data.

Kosa hilohilo linajirudia kwenye kuharibika kwa mashine, na hapa wengi wanaumbuka. Tuseme mashine inatoa kipande kila dakika, inafanya kazi dakika 540, inasimama 60. Mtu anasema "upatikanaji 90%", anaandika kipande kimoja dakika 1.11, basi. Kwenye modeli yake, akiba ya vipande 10 mbele ya mashine inayofuata, yenye kasi hiyohiyo ya dakika 1.11, haiishi kamwe. Kiwandani, mashine ikisimama, akiba inaisha ndani ya dakika 11 hivi na mashine inayofuata inakaa bure dakika 49 hivi. Weka muda wa kufanya kazi na muda wa matengenezo kama matukio mawili, kila moja na mtawanyo wake (jinsi muda wake unavyobadilika).

Idadi ya marudio, yaani mara za kuendesha modeli nzima: anza na 10, kila moja na mbegu yake (namba ya kuanzia) ya namba nasibu. Chukua mchepuko sanifu (standard deviation) wa wastani hizo 10, zidisha kwa 2.262, gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10. Hiyo ndiyo ± yako ya 95%, yaani ukingo wa kosa. Kuipunguza nusu kunadai marudio mara nne hivi, si mara mbili.

Kiwanda cha saa 24 kinaanza kwenye modeli kikiwa kitupu, kwa hiyo tupa data za mwanzo mpaka grafu itulie. Ofisi inayofunguliwa asubuhi bila mtu usiitupie chochote. Utupu ule ni wa kweli.

Excel ikikubana, nenda SimPy kama Python unaijua. Ni ya bure. JaamSim nayo ni ya bure na ina 3D, kama bosi lazima aone vitu vikitembea.