Tele ya kichogo bado inashika: kwa mafundi wanaoanza hapa Bukavu

Wadogo zangu, mtu akikuletea tele ya kichogo na kulalamika kwamba haishiki dijitali, usishike bisibisi kwanza. Mara nyingi tele ni nzima kabisa. Ilitengenezwa kusoma analojia tu. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuyalinda matangazo ya analojia kwenye UHF, yaani masafa ya juu ya tele. Kwa matangazo ya dijitali tele hiyo inahitaji dekoda ya kuifasiria.

Soma kibandiko cha dekoda kabla mteja hajatoa pesa. Nchi nyingi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, yetu ikiwemo, zilichagua DVB-T2, mfumo wa dijitali unaopokelewa kwa anteni ya kawaida. Dekoda ya DVB-T ya kwanza haiwezi kusoma T2, na ile ya sahani haitakusaidia hata kama waya wa anteni unaingia kwenye tundu lake.

Kuunganisha ni kazi ndogo: waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti, kisha bonyeza AV kwenye telekomande. Picha ikitoka bila rangi, usiseme tele imekufa. Kuna mifumo tofauti ya rangi: Kongo ilitumia SECAM, dekoda nyingi zinatoa PAL. Ingia kwenye menyu ya tele, weka PAL au AUTO, na kama tele inasoma PAL rangi zitarudi. Tele isiyo na matundu ya AV, muulize mwenye nyumba kama bado ana deki ya video. Ingiza dekoda kwenye AV ya deki, toa waya wa anteni wa deki kwenda kwenye tele. Msitegemee tundu la RF OUT la dekoda: kwa nyingi linapitisha tu mawimbi ya anteni jinsi yalivyoingia.

Sasa anteni, na hapa ndipo nataka mkae. Mji wetu ni vilima. Nyumba mbili za Kadutu zinaweza kutazamana, moja ikapata chaneli zote na nyingine isipate hata moja, kwa sababu UHF haipendi kupita ndani ya kilima. Kwa analojia ulikuwa unaona chengachenga na bado unafuata habari. Dijitali haina chengachenga: picha ni safi, au inakatika vipande vya mraba na kuganda. Panda juu ya manjanja, yaani mabati ya paa, angalia anteni za majirani zinaelekea wapi na vijiti vyao vimelala au vimesimama. Vijiti vya UHF ni vifupi, karibu urefu wa rula ya shule. Anteni yenye vijiti vya mita nzima ni ya VHF, masafa ya chini ya UHF, mweleze mteja hivyo kwa upole.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza nusu siku kwa mama mmoja. Nilibadilisha dekoda mara mbili, nikageuza anteni kila upande, naye akiniambia, "Papa fundi, pumzika, kunywa chai kwanza." Mwishowe nilifungua kichwa cha waya. Uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye wavu wa nje, mwembamba kama unywele, ulikuwa umegusa waya wa katikati. Niliukata, nikaumenya waya upya, picha ikasimama. Tangu siku hiyo naanza na ncha za waya, zote mbili.

Kwenye dekoda kuna vipimo viwili, nguvu na ubora. Wanaoanza wanashangilia nguvu. Tazameni ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mara nyingi ni mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kilima, au kikuzaji cha mawimbi ya anteni kinachozidisha. Kiondoe ujaribu bila hicho. Geuza anteni kidogo kidogo, subiri sekunde chache kila mara, maana kipimo kinachelewa. Tafuta chaneli upya ubora ukishatulia, kisha kaza skrubu.

Kabla hujashuka kilima, andika kiasi cha ubora kwenye karatasi, uibandike chini ya dekoda. Mvua ya Novemba ikilegeza nguzo na mama akikupigia simu, utamwambia asome namba mbili, ya karatasi na ya kwenye tele.