Kwa nini shimo jeusi lisile kwa pupa?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Niko Masindi, nanunua na kuuza mahindi, na usiku husoma mambo ya nyota kwenye simu. Nimesoma kwamba kuna mashimo meusi yenye uzito wa majua zaidi ya bilioni moja, kwamba yalikuwapo ulimwengu ungali mchanga, na kwamba wataalamu wanaliita jambo hilo fumbo. Fumbo liko wapi? Shimo jeusi si linameza kila kitu? Basi lilikula kwa pupa likanenepa. Tena, hilo la kwetu lililo katikati ya galaksi, naweza kujua liliko nikitazama juu kutoka hapa Uganda?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Tuanze na hilo neno "linameza", maana ndilo linalowapoteza wengi. Leo hii Jua likigeuka shimo jeusi lenye uzito uleule, Dunia itaendelea kulizunguka kama jana. Tutakufa kwa baridi, lakini hakuna atakayemezwa.

Gesi nayo haidondoki shimoni moja kwa moja. Huja na mwendo wa pembeni, kwa hiyo hulizunguka shimo kwanza, kama maji yanavyozunguka kabla ya kuingia kwenye tundu la sinki. Katika kuzunguka huko inasuguana, inapata moto, inang'aa. Na inang'aa vibaya sana: kabla ya kutumbukia, gesi hugeuza kama asilimia 10 ya uzito wake kuwa mwanga na miali mingine. Jua letu, kwa kuunguza hidrojeni, halifikishi hata asilimia moja.

Sasa, mwanga husukuma. Huu wa kawaida hatuusikii, ila ukizidi sana unaweza kuirudisha gesi ilikotoka. Bila shaka umeona watu wakichoma matofali. Ukijaza kuni kupita kiasi mdomoni mwa tanuri, joto linakufukuza, na kuni za kuongeza zinakubakia mkononi. Shimo jeusi liko hivyo hivyo: likila sana, mwanga wa chakula chenyewe unakifukuza chakula kinachofuata. Mwingereza Arthur Eddington alipiga hesabu ya mvutano huu kwa ajili ya nyota karibu miaka 100 iliyopita, na kikomo hicho bado kinaitwa kwa jina lake.

Wewe ni mfanyabiashara, kwa hiyo tuhesabu kama watu wa sacco. Shimo linalokula mfululizo kwenye kikomo hicho huongezeka uzito mara mbili kila baada ya miaka milioni 30 na kidogo. Mtaji ni nyota ya mwanzo iliyokufa na kuacha shimo la majua 10. Mwaka 2021 wanaastronomia walitangaza shimo linaloitwa J0313-1806: majua bilioni 1.6, likionekana kama lilivyokuwa miaka milioni 670 tu baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Kutoka 10 hadi bilioni 1.6 unahitaji kuzidisha mara mbili zaidi ya mara 27. Zidisha 27 kwa milioni 30: tayari umepita miaka milioni 800. Ulimwengu wenyewe ulikuwa haujafikisha umri huo! Na hapo tumejifanya kwamba shimo halikukosa chakula hata siku moja, na kwamba nyota za kwanza ziliwaka papo hapo, ambapo kwa kweli zilichelewa kwa miaka milioni 100 au zaidi. Ni sawa na kupanda mti msimu uliopita, kisha msimu huu ukakuta mvule mzima, watu wamekaa kivulini.

Wanaotafuta jibu wanabishana pande mbili. Upande mmoja unasema kikomo cha Eddington kinaweza kuvukwa: gesi ikiwa nzito mno, mwanga unanaswa ndani yake na kuzama nayo, au unatorokea juu na chini huku chakula kikiingilia ubavuni. Upande wa pili unasema mtaji haukuwa mdogo. Huenda wingu zima la gesi liliporomoka bila kupitia hatua ya nyota za kawaida, likaacha shimo la majua kama 100,000. Ukianza hapo, mara 14 zinatosha, na muda unabaki. Ubaya wake ni kwamba gesi ikipoa hupenda kukatika vipande na kuzaa nyota ndogo ndogo. Ili isikatike lazima izuiwe kupoa, na mahali pa namna hiyo hapapatikani kirahisi.

Nikilazimishwa kuweka shilingi yangu, naiweka kwa mtaji mkubwa, hasa kwa sababu ya galaksi iitwayo UHZ1. Darubini ya James Webb iliiona galaksi, ile ya Chandra ikanasa eksirei za shimo lake, na tangazo likatoka mwaka 2023. Ni ya miaka kama milioni 470 baada ya Mlipuko Mkuu, na inakadiriwa kuwa shimo linakaribia uzito wa nyota zake zote zikijumlishwa. Katika galaksi za jirani zetu, shimo huwa kama sehemu moja kwa elfu. Mtoto aliyezaliwa na kilo nyingi hivyo hakunenepea nje. Lakini shilingi ni moja tu, siweki ng'ombe. Webb hiyohiyo imeonyesha vitone vyekundu vingi vya zama zile, vinavyofanana na mashimo yanayokula, ila vingi havitoi eksirei tulizozitarajia. Hesabu za uzito wake zinaweza kubadilika.

La kwetu, Sagittarius A*, ni dogo kwa kulinganisha: majua kama milioni 4, umbali ambao mwanga huchukua miaka kama 27,000 kuumaliza. Siku hizi ni kama limefunga, halili karibu chochote. Andrea Ghez na Reinhard Genzel walipata Nobel mwaka 2020 kwa kufuatilia nyota zinazolizunguka. Mojawapo humaliza mzunguko kwa miaka 16.

Kulitafuta kutoka Masindi ni rahisi kuliko Ulaya, ambako linabaki chini karibu na upeo wa macho. Katikati ya Agosti, saa tatu usiku, geuka kusini, inua macho theluthi mbili za njia kuelekea utosini. Utaona nyota za kundi la Mshale zimekaa kama birika, na mkia wa Nge upande wa kulia. Mahali penyewe ni kulia kidogo ya mdomo wa birika, kama mvuke unapotokea. Shimo hutaliona, vumbi la galaksi limeziba hata nyota zake. Chagua usiku usio na mbalamwezi, na umeme ukikatika usinung'unike.