Wamasai, nyama na vidonge vya lehemu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni dereva wa basi dogo kati ya Moshi na Arusha, na umri wangu ni miaka 51. Mwezi uliopita nilipimwa damu nikaambiwa lehemu (kolesteroli, mafuta yaliyomo katika damu) imefika milimoli 8.1 kwa lita, nikaandikiwa vidonge vya atovastatini. Nilivimeza wiki mbili nikaviacha, kwa kuwa siumwi popote, na wenzangu wa stendi wanasema kuna mtafiti wa Kizungu aliyewapima Wamasai akakuta nyama na maziwa haviwadhuru moyo. Baba yangu ni mtu wa Monduli, amechunga ng'ombe tangu utoto na sasa ana miaka 80 na ushei. Kaka yangu alifariki ghafla akiwa na miaka 46, lakini yeye alikuwa na mawazo mengi. Je, vidonge hivi vina haja gani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Wenzako hawakukudanganya, ila wamekusimulia nusu ya habari. Mtafiti huyo ni George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwapima wanaume wa Kimasai wapatao 400 hapa Tanganyika na kukuta kwamba, pamoja na maziwa na nyama wanayotumia, lehemu katika damu yao ilikuwa ndogo na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa nadra. Nusu ya pili ilichapishwa mwaka 1972. Mann na wenzake walichunguza mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliofariki, wakakuta kuta za mishipa ya moyo zimenenepa kama za wazee wa Marekani, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, kiasi kwamba damu iliendelea kupita. Yeye alidhani upanuzi huo ulitokana na mwili uliozoea kazi na mwendo.

Sasa jilinganishe na mzee wako. Yeye alitembea nyuma ya ng'ombe kutwa nzima. Wewe unakaa nyuma ya usukani, Boma Ng'ombe hadi Usa River na kurudi, na kinachotembea ni mguu wa breki. Tena Wamasai wale walikuwa na lehemu ndogo katika damu, ilhali yako ni 8.1, ambayo ni ya juu sana, kwa hiyo utafiti huo haukuhusu wewe, hata kama damu ni ya Monduli. (Mann mwenyewe alibaki mpinzani mkali wa dhana kwamba mafuta ya chakula ndiyo chanzo cha ugonjwa wa moyo. Kuhusu mazoezi namwunga mkono. Kuhusu lehemu iliyomo katika damu, ushahidi uliofuata umekuwa mzito mno kupuuzwa.)

Lililonishtua zaidi katika barua yako ni habari ya kaka yako, uliyoigusa kama jambo la kupita. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, na ini hilo hilo huiondoa katika damu kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, walionyesha kwamba wapo watu wanaorithi hitilafu katika vipokezi hivyo, na lehemu yao hupanda tangu utotoni, wawe wanene au wembamba, hata moyo ukaweza kuwaua mapema, kama huenda ilivyokuwa kwa kaka yako. Hali hiyo humpata takriban mtu 1 kati ya 250, na mzazi mmoja anatosha kuirithisha. Afya ya baba yako haiondoi uwezekano huo, kwa sababu hitilafu yaweza kutoka upande wa mama.

Vidonge ulivyoviacha hupunguza utengenezaji wa lehemu ndani ya ini, nalo huongeza vipokezi ili liivute kutoka kwenye damu. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliotolewa mwaka 1994, wenye wagonjwa wa moyo 4,444, ulikuta vifo vimepungua kwa asilimia 30 miongoni mwa waliomeza dawa ya jamii hiyo. Kutoumwa si kipimo, kwani mshipa husinyaa miaka mingi bila maumivu.

Rudi kwa daktari wako wiki hii, mweleze umri aliofariki kaka yako, na mkubaliane namna ya kuanza tena dawa na tarehe ya kurudia kipimo. Misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi, mwone mara moja. Ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe, na wanao pia, hata yule aliye bado shuleni.