Bustani ya viungo kwa watoto wa Goma: anzeni na mkono wa mtoto

Ninyi mnaoanza kazi hii shuleni, kabla ya kuchora chochote mwiteni mtoto wa miaka 6, achuchumae, anyooshe mkono. Vidole vyake vinapofika ndipo tuta liishie. Kwa wengi ni sentimita 45 hivi; tuta linalofikiwa pande zote mbili lisizidi 90.

Bustani yangu ya kwanza niliichora kama nyota, pana, nzuri kwa mtu mzima aliyesimama. Watoto walishindwa kufika katikati, wakaingia na miguu. Walimu wakaanza: "Usiguse! Toka huko!" Baada ya mwezi udongo ulikuwa mgumu kama kiwanja cha mpira, na hakuna mtoto aliyejua harufu ya mnanaa. Iliniuma. Mtoto anahitaji kuchuma jani, alisugue vidoleni, anuse, kesho arudi tena.

Hapa kwetu kinachokula pesa ni udongo. Mitaa iliyofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002, ukipiga jembe unagonga jiwe. Msipoteze nguvu kuchimba. Pangeni mawe hayohayo yawe ukuta wa tuta, kimo cha sentimita 40, tandikeni magunia makuukuu chini ili udongo usipotelee kwenye nyufa, kisha jazeni udongo wa kununua uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mawe yetu yana matundu, maji hayakai. Tena ni meusi, yanashika joto la jua: rozmari na taimu vinapenda kuegemea hapo. Sereli na giligilani vipelekeni penye kivuli kidogo na maji ya mara kwa mara.

Mnanaa upewe nyumba yake, bidoni (dumu) ya njano iliyokatwa nusu na kutobolewa chini, kwa kuwa mizizi yake hutambaa na kumeza tuta zima. Bidoni iwe ya maji au mafuta ya kula, kamwe isiwe ya petroli. Mchaichai ukae nyuma, mbali na njia: kingo za majani yake hukata vidole.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Mtoto aliyezoea kuonja majani ya bustani ataonja na ya uani. Kagueni ua wote wa shule. Mbono humea wenyewe kila mahali, na mbegu zake zenye madoa mazuri ni sumu kali. Utomvu mweupe wa mnyaa huunguza macho. Datura, ile yenye maua makubwa yanayoning'inia kama kengele, ni sumu kuanzia ua mpaka mzizi. Ng'oeni, hata kama mkuu wa shule anaupenda uzuri wake. Nimebishana juu ya hilo zaidi ya mara moja na sijutii. Kisha wekeni sheria moja tu: jani haliingii mdomoni kabla halijaonyeshwa kwa mkubwa na kuoshwa. Kuosha ni lazima, vumbi la barabara na majivu ya volkano hutua juu ya kila kitu.

Msianze na mbegu za sereli. Huchukua wiki mbili hadi tatu kuchipua, na mtoto wa darasa la kwanza huwa ameshakata tamaa. Mpeni kila mmoja kikonyo cha mnanaa ndani ya chupa inayopitisha mwanga. Ndani ya wiki moja au mbili ataona mizizi kwa macho yake, na atawaita hata majirani waje kuona.

Na likizo kubwa je? Inaangukia kiangazi cha Julai na Agosti, geti likiwa limefungwa. Rozmari itavumilia, mchaichai pia, lakini mnanaa utakauka. Siku ya mwisho ya masomo tunakata vikonyo na kila mtoto anabeba chupa yake nyumbani. Septemba, mvua zikirudi, wanakuja nazo zimefungwa kwenye mifuko, na tunajaza bidoni upya.