Kuhusu ile Seneca ya 1973

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama uinunue ile Piper Seneca ya 1973, ndege ndogo ya injini mbili, inayouzwa pale uwanja wa ndege wa Wilson, na bima yake itakuwaje. Bei ni nzuri, sikatai. Lakini hiyo bei ndiyo inayonitia shaka.

Seneca za kwanza hazina turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini ili isipungukiwe nguvu ukiwa juu. Ndege ikiwa imejaa na injini moja ikazimika, iliyobaki haiwezi kuishikilia hata kwenye futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, na Wilson yenyewe iko kwenye futi 5,500 hivi. Maana yake ukipata matatizo juu ya Lang'ata utashuka tu, hata ufanye nini. Lamu au Ukunda, kule pwani, ni habari nyingine, lakini wewe unaishi Nairobi. Kama moyo wako uko kwa Seneca, tafuta Seneca II, modeli ya 1975 kuendelea. Hiyo ina turbo.

Fundi anayeitunza sasa asiwe ndiye wa kuikagua. Mlipe mwingine, afungue injini zote mbili aone kutu, asome vitabu vyote vya kumbukumbu za matengenezo. Lycoming, watengenezaji wa injini hizo, wanataka injini ikarabatiwe upya ikifika miaka 12, hata kama saa zake za kuruka hazijatimia, kwa hiyo "imeruka kidogo sana" si sifa. Na kila ankara ya injini, zidisha kwa mbili.

Sasa bima, kazi iliyokusomesha. Kampuni itakuuliza wewe kabla ya kuuliza ndege: saa ngapi za injini mbili, ngapi za Seneca? Zako karibu zote ni za Cessna 172, yenye injini moja. Tarajia waseme uruke kwanza na mwalimu, na mwaka wa kwanza ulipe zaidi. Pata jibu lao kwa maandishi kabla ya kutoa arbuni.

Usiandike thamani ndogo ya ndege kwenye bima ili ulipe kidogo. Niliwahi kushughulikia dai la rubani aliyesahau kushusha magurudumu alipokuwa akitua. Hakuna aliyeumia, ila propela mbili zilipinda na injini mbili ikabidi zifunguliwe. Gharama ikapita thamani aliyoiandika, basi kampuni ikamlipa kile kiasi na kuchukua mabaki. Hela ile haikutosha kununua nyingine.

Angalia pia nchi zilizotajwa kwenye mkataba, maana najua utataka kwenda Zanzibar. Na cheti cha ubora wa ndege kikiisha muda, usitegemee kulipwa.

Nitumie picha za vitabu vya injini kabla hujaonana na muuzaji. Baba yako anakusalimu. Anasema kwa hela hizo angenunua shamba Kitengela.

Mama