Sifuri Niliyoiandika: Ushauri kwa Karani Mpya wa Takwimu za VVU na Kaswende

Mwaka wa 2014 nilikuwa karani wa takwimu katika kituo kimoja cha afya huku Eastlands, Nairobi. Kila mwisho wa mwezi nilitandaza rejista mezani, nikashika rula na kikokotoo, nikajumlisha safu moja baada ya nyingine hadi jioni, kwa sababu ripoti ilitakiwa kufika ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5. Mwezi mmoja nilipofika kwenye safu ya kaswende katika rejista ya wajawazito, MOH 405, nilikuta visanduku vyote ni vitupu. Sababu niliijua vizuri: vifaa vya kupimia vilikuwa vimeisha mwezi uliotangulia na havijaletwa vingine. Hata hivyo nilikuwa na haraka, na palipoulizwa ni wajawazito wangapi waliopatikana na kaswende nikaandika 0, nikatia sahihi, nikaenda kutafuta matatu.

Mwezi uliofuata nilifanya vivyo hivyo. Mwezi wa tatu akaja msimamizi na chati mkononi, akatupongeza mbele ya wafanyakazi wote kwa jinsi kaswende ilivyopungua kwa wajawazito wetu. Muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita Sista, hakusema neno hadi mgeni alipoondoka. Ndipo akanijia mezani, akafungua rejista na kuweka kidole juu ya safu ile tupu. “Kijana wangu,” akaniuliza, “hawa wamepona au hawakupimwa?”

Ukitaka kuchukua jambo moja tu katika makala haya, chukua swali hilo. Sifuri ni jibu: maana yake ni kwamba tulitafuta na hatukuona. Kisanduku kitupu ni ungamo kwamba hatukutafuta. Kwenye kompyuta ya ofisi ya juu, sifuri yangu ilikuwa imekuwa habari njema, na hakuna ofisi inayokimbilia kupeleka vifaa mahali penye habari njema. Kwa hiyo usiandike kamwe idadi ya waliopatikana na ugonjwa bila kuandika kando yake idadi ya waliopimwa, na kabla ya kutia sahihi nenda kwenye kabati ukahesabu vifaa vilivyobaki. Kama rejista inasema watu 60 walipimwa na kabati linaonyesha vifaa 40 tu vilivyotumika, mmoja kati ya hao wawili anadanganya, na ni lazima umjue kabla ya kutuma ripoti.

Sista hakuishia kunionya. Tulikaa na rejista ile siku mbili, tukaandika majina ya wote waliopitia kliniki bila kupimwa, na vifaa vilipofika baada ya barua na simu kadhaa, wahudumu wa afya wa jamii wakawafuata mitaani. Wengi walirudi. Kaswende ya mjamzito hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na mtoto huhesabiwa kuwa amekingwa ikiwa mama ametibiwa si chini ya siku 30 kabla ya kujifungua; isipotibiwa, mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa mfu au akazaliwa na ugonjwa huo. Waliopatikana nayo katika orodha yetu walikuwa wawili. Mmoja alichomwa sindano siku hiyo hiyo. Wa pili alikuwa amekwisha kujifungua wiki tatu nyuma. Siku hizi kipo kifaa kinachopima VVU na kaswende kwa tone moja la damu, na kimesaidia sana, ila nacho huisha kabatini kama vingine.

Utakapozoea kuuliza swali la Sista, utaanza kuliuliza hata juu ya takwimu kubwa zinazotangazwa redioni. Kwa miaka mingi tangu 1990, Kenya ilikadiria maambukizi ya VVU kwa kupima damu ya wajawazito katika kliniki teule. Njia hiyo ilionyesha mwelekeo, lakini iliwahesabu wajawazito tu, tena wale waliofika kliniki. Wanaume na wasichana wasio na mimba hawakuonekana kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2003, uliowapima watu nyumbani kwao, ulipata asilimia 6.7 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na VVU, na makadirio ya awali yakalazimika kushushwa. Wapo waliodhani ugonjwa umepungua ghafla. Kilichobadilika zaidi ni nani aliyehesabiwa.

Vilevile usikubali kuchanganya kiwango cha maambukizi, yaani sehemu ya watu wanaoishi na virusi, na maambukizi mapya, hata mkubwa wako akivichanganya. Uchunguzi wa kitaifa wa VVU wa 2018, uitwao KENPHIA, ulipata asilimia 4.9 ya watu wazima wa miaka 15 hadi 64 wakiishi na VVU, wanawake wakiwa karibu mara mbili ya wanaume. Idadi hiyo inawajumlisha walioambukizwa miaka 20 iliyopita na walioambukizwa juzi. Dawa zinapowaweka watu hai, kiwango kinaweza kukaa palepale, au hata kupanda, huku maambukizi mapya yakishuka.

Kuhusu kisonono na mengine ya aina hiyo sitasema mengi, kwa kuwa katika vituo vingi mgonjwa hutibiwa kwa dalili bila maabara kuhusishwa. Unachohesabu hapo ni wanaume waliotokwa na usaha, wala si kisonono chenyewe, na wanawake wengi walio nacho hawana dalili yoyote ya kuwaleta kwako.

Kosa langu la pili lilikuwa kinyume cha lile la kwanza: niliwahesabu watu ambao walikwisha kuhesabiwa kwingine. Mwezi mmoja idadi ya waliogunduliwa kuwa na VVU ilikaribia kuongezeka maradufu, na fomu ya MOH 731, ile ya ripoti ya VVU ya kila mwezi, ikarudishwa ikiwa imezungushiwa wino mwekundu. Tulipochunguza faili moja baada ya nyingine tuligundua kwamba baadhi yao walikuwa wakitumia ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, kwa miaka katika kliniki nyingine za hapa hapa Nairobi. Namba ya mgonjwa wa VVU huwa na tarakimu 10, tano za mwanzo zikiwa za kituo, kwa hiyo aliyehama Kangemi kuja Kayole bila barua alipewa namba mpya kwetu na kuandikwa “ametoweka” kule alikotoka. Mtu mmoja akawa takwimu mbili, zote za uongo. Kumpima tena mtu aliye kwenye dawa kuna hatari nyingine pia, kwani mara chache kipimo cha haraka huweza kutoa jibu hafifu au hasi, naye akaacha dawa akidhani amepona.

Nilidhani watu hao walitudanganya, na nilisema hivyo mkutanoni, jambo ambalo bado linanitia haya. Sista aliniambia nikae asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa. Kutoka pale niliweza kusoma rejista yangu mwenyewe, iliyoachwa wazi mezani, majina na matokeo yote, na aliyeketi kando yangu alikuwa jirani wa mtu niliyemwona kwenye ukurasa ule. Sheria ya VVU ya 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, nami nilikuwa nikiivunja kwa uvivu wa kutofunga kitabu. Tulihamisha meza, tukafunika rejista kwa karatasi ngumu, na mshauri anayepima VVU akaacha kuwauliza watu mlangoni. Alianza kuuliza ndani, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kugusa kifaa chochote: “Mama, kuna kliniki nyingine inayokujua?”

Wa kwanza kuulizwa hivyo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akafungua fundo la leso yake, akatoa kadi ya kliniki ya mtaa mwingine iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani.