Jibu: Matoke kutotoa mbegu baada ya kuchavushwa kwa mgomba mwitu

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba umechavusha mikungu minne ya matoke kwa chavua ya Calcutta 4, mgomba mwitu unaostahimili sigatoka nyeusi (ugonjwa wa ukungu unaokausha majani ya migomba), na hukuambulia mbegu hata moja. Anza kwa kuangalia aina ya mgomba mama, kwa kuwa migomba mingi ya matoke ni tasa. Watafiti nchini Uganda walipata mbegu kwa aina za matoke ziitwazo Enzirabahima na Nakawere, na katika uzao wa namna hiyo ndimo zilimotoka NARITA, yaani matoke chotara yaliyozalishwa na watafiti.

Kisha angalia saa. Mimi huchavusha asubuhi mapema, chane moja moja kadiri maua ya kike yanavyofunguka, nikipaka chavua mbichi kwenye ncha ya ua inayonata, huku mkungu ukiwa umefunikwa mfuko tangu mwanzo ili nyuki wasilete chavua nyingine. Zikiiva, ziponde ndizi zote kwa vidole ndani ya maji, hata kama inachosha, maana mbegu moja nyeusi hupotea kirahisi kwenye rojo. Ukiipata usiifukie udongoni, kwani huota kwa nadra. Ipeleke maabara ya tishu wakatoe kiinitete na kukikuza kwenye chupa.